Kumtafutia Baba Mtu wa Kumtukana

Mama alianza kuuita ule ubao wa sataranji "jeneza" mwezi ule ule baba aliposhindwa. "Ondoa jeneza lako mezani, nataka kuweka ugali," alimwambia, na baba, ambaye hakuwahi kuambiwa neno akaliacha bila kulijibu, aliuchukua ubao wake kimya kimya akaenda kuuegemeza ukutani. Kule kunyamaza ndiko kulikotutisha. Mzee yule akinyamaza, ujue kuna jambo.

Ngoja nikueleze alivyokuwa. Baba alifundisha shule za msingi karibu kila pembe ya mkoa wa Ruvuma, kuanzia Namtumbo hadi huko ziwani Nyasa, na miaka yake ya mwisho akawa mwalimu mkuu hapa hapa Songea mjini. Alipostaafu tulihamia nyumba yetu ya Msamala, na nusu ya walimu aliowahi kuwaongoza walikuwa wamejenga hapo hapo jirani. Kwa hiyo kazi ilistaafu, lakini ukuu uligoma kustaafu. Akipita njiani ilikuwa ni shikamoo Mwalimu Mkuu kushoto, shikamoo Mwalimu Mkuu kulia. Mama mwenyewe alimwita Mwalimu. Mimi nikiwa ndani nilimwita baba, nikitoka nje nilijikuta namwita Mwalimu Mkuu kama watu wengine.

Sataranji aliipata kwa padri mmoja Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Padri alimfundisha jioni chache, akamwachia ubao na vinyago vyake vya mbao, akaondoka zake. Farasi mmoja alikuwa amepotea, tukaweka kizibo cha chupa mahali pake. Baba naye akawafundisha walimu wake, na ikawa desturi: kila Jumamosi alasiri wanakutana kwenye baraza ya aliyekuwa msaidizi wake, mwalimu mmoja mwembamba, mpole, mwenye miwani, wanacheza mpaka giza linaanza kuingia. Na baba alishinda. Alishinda masika, alishinda kiangazi, alishinda akiwa na malaria. Msaidizi alikuwa na namna yake ya kushindwa: anashika kichwa, anavuta pumzi, anasema, "Hapa umenikamata, Mwalimu Mkuu," na wale wengine wanaguna kwa kustaajabu. Baba alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Mimi siku hizo nilikuwa nauza mitumba sokoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, sabuni na sukari zimerudi madukani, na marobota ya nguo yanashushwa kila wiki. Baba hakuipenda kazi yangu hata kidogo. "Mtoto wa Mwalimu Mkuu anauza kafa ulaya," alisema, lakini koti lake la baridi ya mwezi wa sita nililitoa mimi kwenye robota, na alilivaa kanisani kifua mbele. Nilimwachia ushindi, kama wote walivyomwachia.

Kisha akaja afisa kilimo. Kijana tu, mtu wa kule Kanda ya Ziwa, kahamishiwa mkoani kwetu na kapanga chumba Msamala. Jumamosi moja alikuwa anapita njia akauona ubao. "Eh, jamani! Kumbe huku mnacheza chesi!" akasema, akavuta kigoda bila kukaribishwa. Mimi nilikuwepo, nimempelekea mke wa msaidizi gauni lake. Niliona walimu wanavyotazamana. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwambia yule kijana taratibu za pale. Msaidizi alikohoa, akakohoa tena, akamkanyaga mguu. Kijana akasema pole, akausogeza mguu wake, akaendelea kucheza.

Hata chai haikupoa. "Mfalme wako hana pa kwenda, mzee," afisa akasema. Akamwita mzee, si Mwalimu Mkuu. Baba akacheka kidogo, akasema wapange tena. Akapigwa tena. Wakapanga tena, akapigwa vibaya zaidi, na safari hii hakuna aliyeguna. Yule kijana alikuwa mtu mwema, na maneno aliyosema aliyasema kwa nia njema kabisa: "Mzee, nani alikufundisha? Mbona unacheza kama mtu ambaye hajawahi kupigwa?"

Baba aliinuka, akafunga vinyago vyake ndani ya kitambaa, akarudi nyumbani akipita pembeni mwa barabara.

Tangu siku hiyo hakwenda tena barazani. Walimu walikuja kumwona kama wanavyomwona mgonjwa, wakaketi, wakasema afisa kilimo ni mtu asiye na adabu. Baba akawajibu "sawa" na "asante". Akaacha kusoma gazeti kwa sauti. Akaacha hata kunisema kuhusu mitumba, na hapo nikaogopa kweli. Yule afisa naye, masikini, walimu walimweleza alichokifanya, akaona aibu, akawa anapita njia ya nyuma kama mtu anayekwepa mgambo.

Jioni moja baba alinikuta uani napanga nguo kwa ajili ya kesho yake. Akasimama. "Mwanangu," akasema, "hivi wale walikuwa wananiachia?"

Jamani, mimi ni mtu wa sokoni. Mimi naweza kumtazama mteja machoni nikamwambia suruali hii imevaliwa mara moja tu, tena kwenye harusi. Lakini siku ile uongo ulikataa kutoka. "Sijui, baba," nikasema.

"Unajua," akasema. Akainama, akaokota soksi iliyoanguka, akanipa. "Nataka kumshinda mtu mmoja tu. Mmoja, lakini asiyeniogopa. Baada ya hapo hata huo ubao mpikieni ugali."

Aliingia ndani. Mimi nikabaki pale na soksi yangu mkononi, na nikakasirika. Niliwakasirikia wale walimu, nikamkasirikia yule padri aliyemfundisha mtu jioni chache akaondoka, nikajikasirikia na mimi mwenyewe. Mtu ameishi mpaka mvi, hajui kama kuna hata siku moja alishinda kweli.

Wazo la kumtafutia mwalimu lilikuwa langu. Nilimwambia mama jikoni, naye aliacha mwiko ndani ya sufuria akanigeukia.

"Mwalimu wa nini?"

"Wa sataranji."

"Yaani unataka kumwajiria mwalimu mkuu mwalimu." Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Haya, nani huyo? Utamtoa wapi?"

Hapo ndipo penye shida. Padri yuko Ujerumani. Afisa kilimo anajificha. Nilikwenda mpaka kwa msaidizi, nikamkuta anamwagilia mchicha, nikamweleza. Yule bwana nusura adondoshe ndoo. "Mimi nimwambie Mwalimu Mkuu kwamba amekosea? Kwa mdomo gani, binti yangu? Kucheza naye nitacheza hata kesho. Kumsahihisha, hapana, utanisamehe." Nikarudi nyumbani nimenuna.

"Nilikwambia," mama akasema. "Mji huu mzima mtu wa kumwambia baba yako ukweli hajazaliwa. Labda..." Akageukia sufuria. Nikaona anajuta kufungua mdomo.

"Labda nani?"

"Hakuna."

"Mama, labda nani?"

"Labda yule Myao," akasema kwa uchungu, "na ole wako umlete hapa."

Sisi ni Wangoni, na Wangoni na Wayao ni watani. Mababu zetu walipigana, wakachoka, wakabaki kutukanana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe ukacheka. Anaweza kuingia kwako akabeba kitu mchana kweupe, ukamkimbiza, na watu wakakucheka wewe. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Na huyo Myao aliyesemwa na mama alikuwa mfanyabiashara wa korosho kutoka Nakapanya, huko Tunduru, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Zamani alikuwa ofisa wa ushirika, na ushirika ndio uliompeleka kusoma Ulaya Mashariki. Kule theluji ilipowafungia bwenini, Warusi wakamfundisha sataranji, na alikuwa hodari kweli. Ruksa ilipokuja akaacha ofisi, akaanza kununua korosho kwa mfuko wake. Kila alipopita Songea alinunua suruali kwangu, kwa sababu kiuno chake hakikupatikana dukani.

Mama alikuwa na kesi naye. Bibi yangu, mama yake mama, alipofariki, Myao yule alilala chali barabarani mbele ya jeneza, akasema bibi hapiti mpaka yeye apewe jogoo. Alipewa jogoo, akaamka, akapita jikoni akaondoka na sufuria kubwa ya mama. Wafiwa walicheka huku wanalia, na msiba ukawa mwepesi, hilo hata mama alikubali. "Lakini sufuria yangu mpaka leo iko Tunduru," alisema.

Basi tukawa tunabishana, mama na mimi, siku nenda siku rudi, tumwite au tusimwite.

Mama akasema yule mtu atatumalizia nyumba. Mimi nikasema bora nyumba iishe kuliko mwenye nyumba. Mama akasema, basi tumlipe kama mwalimu wa masomo ya jioni anavyolipwa, apewe chake aondoke, asiguse chombo. Nikaona ni wazo zuri, nikalala nalo. Asubuhi mama mwenyewe ndiye aliyelikataa. "Nimefikiri," akasema huku anawasha jiko. "Ukishamlipa, amekuwa mtu wa kazi. Mtu wa kazi ataanza na shikamoo Mwalimu Mkuu. Atataka kuitwa tena. Ataanza kumwachia kama wale wengine." Akapuliza moto. "Akija, aje kama mtani. Haya, kamwite. Mungu anisamehe."

Nilimpata kwenye meza yangu pale sokoni, anajaribu suruali juu ya suruali. Nikamwambia shida yangu. Alicheka mpaka wauza nyanya wakageuka.

"Mngoni afundishwe kufikiri! Wallahi nimeishi nimeona mengi. Nipe suruali nyingine, hii nimeipasua kwa kucheka."

"Utataka nini?" nikamwuliza.

"Wewe mtoto, mtani haulizwi anataka nini. Nitaona humo humo ndani." Akaondoka na mkanda ambao hakuulipia. Nilijua nimeshaanza kulipa.

Alikuja Jumapili baada ya sisi kutoka kanisani. Alipiga hodi akiwa ameshaingia, akaenda moja kwa moja akakalia kiti cha baba, kile cha mikono ambacho hata sisi watoto hatukuwahi kukikalia. "Assalam aleikum, watumwa wangu! Nasikia humu kuna Mngoni mgonjwa. Nimekuja kupima kaburi."

Baba alikuwa amejiinamia kwenye mkeka. Akainua kichwa polepole. Mama alisimama mlangoni kashika mwiko kwa mikono miwili.

"Nani kakuruhusu kukaa hapo, Myao?" baba akasema.

Tangu jioni ile ya soksi hakuwa amesema sentensi ndefu kama hiyo. Mama akanifinya mkono.

"Kiti cha watu wenye akili hiki. Wewe kaa hapo hapo chini, ndiyo saizi yako. Leta ubao. Au umeshaupika? Wangoni kwa kula hamchagui, panya kwenu ni kitoweo."

"Na ninyi," baba akasema, akiinuka kuufuata ubao, "mnacheza ngoma ya unyago mwezi mzima, mkirudi shamba limekuwa pori, mnasema tumelogwa."

Wakapanga. Sijui sataranji, lakini kupigwa najua kunavyofanana. Baba alipigwa mpaka nikatamani kutoka nje. Na kila pigo lilikuja na maneno. "Tazama unavyocheza! Ubabe wa babu zako tu. Mmetoka wote mbele na mikuki mnapiga kelele, nyumbani mmemwacha mfalme peke yake na mbwa. Rudisha huyu. Rudisha, nimesema. Umekosea."

Neno hilo, umekosea, hakuna mtu aliyewahi kumwambia baba yangu mbele ya macho yangu. Alikuwa anawaambia watu wengine. Mama aliushusha mwiko.

Baba aliuinamia ubao. "Nimekosea wapi?" akauliza.

Mama akanitazama. Tukaelewana kwamba tumeshaajiri.

Myao alipokuwa anaondoka alisimama katikati ya sebule, akazungusha macho kama mtu aliyeingia sokoni, akaitoa saa ya ukutani. Mama alimkimbiza mpaka barabarani. "Saa yangu! Wewe mtu, saa yangu!"

"Saa ya nini, mtumwa wangu?" Myao akajibu bila kugeuka. "Mwalimu amestaafu, hachelewi popote."

Na baba, ndani, akacheka. Kwa sauti.

Basi ikawa hivyo. Msimu wa korosho ulikuwa bado, Myao alikuwa na shughuli zake za magunia na magari mjini, akawa anatutembelea mara kwa mara kuliko tulivyopenda. Alimfundisha baba kuanza polepole, kujenga, kubakiza walinzi nyumbani, kumtilia shaka mtu anayekupa kitu cha bure. Hili la mwisho lilimwingia sana baba. Na kila somo lilitutoka. Alibeba kuku. Alibeba samaki mbasa aliyekuwa ameletwa kutoka Nyasa, tena mama akiwa ameshamtia chumvi. Siku nyingine aliondoka na kile kiti cha mikono, kakiweka juu ya magunia ya lori, akakaa juu yake akapunga mkono kama kiongozi. Mama akaanza kuhamishia vyombo kwa jirani. Akisikia tu ile sauti kwenye kona, anapita uani kabeba birika na sahani za harusi yao amezifunga kwenye kanga, huku anaomba Mungu.

Ulifika wakati akachoka. Ilikuwa siku Myao alipochukua pasi ya mkaa. Mama aliingia sebuleni akasimama mbele ya baba, na mimi nikajua leo siri inatoka.

"Mwalimu, mimi sasa basi. Huyu Myao hakuja hapa kwa mapenzi yake. Kaletwa na binti yako. Ni mwalimu wako, tumekuajiria, na mshahara wake ni vyombo vyangu. Chagua leo, aendelee au aishie hapa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alikuwa anapanga vinyago, hakuinua uso. Niliona masikio yake yanabadilika rangi. Nikasema kimoyomoyo, haya, tumemwua kabisa.

"Niliwaza ni nani amemleta," akasema. "Mtu hawezi kutoka Nakapanya akajua nimepigwa Msamala." Akaweka kizibo cha chupa mahali pa farasi. "Kabati bado lipo?"

"Lipo," mama akasema.

"Akilitaka, mpeni."

Mama akaenda jikoni, na nikamsikia anaongea peke yake huko, lakini hakumfukuza Myao tena.

Myao hakuwahi kumwachia. Hata mara moja. Baba alikuwa anampunguzia kasi tu: mchezo uliokuwa unaisha chai ikiwa ya moto, sasa uliisha chai imepoa, baadaye ukaisha chai imesahaulika. Korosho zilipoanza kuanguka Tunduru, Myao akaja kuaga. Hakuketi. "Mimi nimechoka kukupiga, Mngoni, mkono unaniuma. Nenda kawapige wale uliowafuga mwenyewe. Nenda, maana mimi hutaniweza mpaka kiama, inshallah." Akaondoka. Safari hiyo alichukua mwavuli.

Jumamosi ya wiki ile ile baba alivaa koti lake, akachukua ubao kwapani. Mama akanivuta pembeni. "Mfuate. Wakimwua tena, mwokote umlete."

Barazani walimu walisimama wote. Shikamoo Mwalimu Mkuu, karibu Mwalimu Mkuu, tulikukosa Mwalimu Mkuu. Baba akaketi mbele ya msaidizi, akapanga vinyago. Kisha akasema, "Leo ukiniachia, sitakanyaga tena hapa kwako mpaka nakufa. Na wewe usije kunizika."

"Mwalimu Mkuu, mimi siku zote nacheza kwa uwezo wangu wote."

"Cheza."

Msaidizi aliivua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati, polepole, akaivaa. Nisikudanganye, alikuwa mtu mwingine. Ule upole ulibaki kwenye kitambaa cha shati. Alimpiga baba haraka kuliko afisa kilimo, haraka kuliko Myao, na hakushika kichwa wala hakuvuta pumzi. Alisema tu, "Mfalme," kisha akasema tena, "mfalme," na ikawa basi.

Nilijisogeza karibu na kiti cha baba, tayari kumwokota.

"Tangu lini?" baba akauliza.

Msaidizi alitazama chini. "Tangu mwaka ule ule uliotufundisha."

"Na miaka yote ile?"

"Mwalimu Mkuu, nani alikuwa anapendekeza majina ya kupandishwa vyeo?"

Mmoja wa walimu alijifanya anakunywa chai, ikampalia.

"Na baada ya mimi kustaafu?"

"Nilishazoea," msaidizi akasema. Halafu, kama mtu aliyetua mzigo akaona mgongo mwepesi, akaendelea. "Tena ilikuwa kazi, Mwalimu Mkuu! Ulikuwa hunirahisishii. Kuna siku nilihangaika alasiri nzima namna ya kukupa malkia wangu na wewe humwoni!"

Loo! Nilifumba macho. Nilipofumbua, baba alikuwa ameshaanza kurudisha vinyago mahali pake.

"Panga," akasema.

Akapigwa tena. "Panga," akasema tena, na ule wa tatu ukawa mrefu. Moshi wa majiko ya jioni ulianza kupanda Msamala nzima, mke wa msaidizi alitoka kuita watu waje kula, akarudi ndani bila kujibiwa. Mimi sikuelewa kitu kwenye ule ubao, kwa hiyo nikawa natazama miguu. Ya baba ilikuwa imetulia. Mguu wa kushoto wa msaidizi ukaanza kutikisika, kidogo, kisha sana, mpaka meza ikawa inatetemeka na kizibo chetu nacho. Akasogeza kinyago, mkono ukabaki hewani, akataka kukirudisha. "Subiri, hapo sikuona..."

"Acha hapo hapo," baba akasema. "Umekosea."

Msaidizi akauondoa mkono. Wakacheza kidogo tu baada ya hapo. Nilijua umekwisha kwa sababu walimu wote waliinama kwa pamoja kuutazama ubao, na baba akajiegemeza nyuma.

Msaidizi alikaa akiangalia. Uso wake ulivimba. Kisha akapiga vinyago kwa kiganja, vikaruka mpaka kwenye mchicha. "Bahati tu hiyo!" akasema, akainuka, akaingia ndani kwake, akaubamiza mlango mpaka vumbi likaanguka kutoka darini. Tulimsikia huko ndani anamfokea mke wake kuhusu chakula.

Mimi na walimu tuliokota vinyago kwenye mchicha. Baba alisubiri amesimama, na njiani alitembea upesi mno, mpaka nikawa namkimbilia kama mtoto. Mama alikuwa mlangoni anangoja. Akamtazama baba, akanitazama mimi, hakujua ashike lipi.

"Vipi, Mwalimu?"

"Kanikasirikia," baba akasema. "Yule msaidizi wangu, mpole yule, unayemjua wewe. Kanikasirikia kweli kweli. Hakuniaga. Kaingia ndani kanibamizia mlango, mama, usoni hapa!" Akajipiga kiganja kwenye paji la uso kuonyesha mahali mlango ulipofikia, akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi ashike ukuta.